Ndengu Kifuani mwa Mwalimu

Jina lake silitaji. Watu wa kwao, hasa wale wa zamani, hawapendi jina la aliyekufa liitwe ovyo, na mimi niliyeishi na Wamaasai miaka hii yote nimejifunza angalau hilo. Nitamwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo Kitengela nzima ilivyomwita, ingawa alifundisha nasari kwa muda mfupi tu kabla hajagundua kwamba wanaohitaji kufundishwa zaidi ni watu wazima.

Kuhusu mimi hakuna kubwa la kusema. Ni fundi wa sare za shule, kibanda changu kiko nyuma ya soko. Mwaka mzima nashona sketi za buluu na kaptura za kijivu, na shule zikikaribia kufunguliwa nashona mpaka naota vifungo. Nilitoka Ukambani nikiwa msichana, nikaja na cherehani ya mama na kiburi changu mwenyewe. Cherehani iliharibika zamani.

Siku aliyoingia mara ya kwanza nilidhani ameleta mtoto wa kupimwa. Nikamwuliza, "Mtoto yuko wapi?" Alivuta pazia la mlangoni, akafungua vifungo vya blauzi. Upande wa kulia alikuwa kama mwanamke yeyote wa umri wetu. Upande wa kushoto palikuwa tambarare, na kovu limekatiza kama mshono wa mwanafunzi anayejifunza kazi.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilijikaza. Nililia mpaka machozi yakadondokea kitambaa cha shule ya wenyewe, na yeye, kifua wazi, ndiye aliyenitafutia kipande cha kujipangusia.

"Fundi," akasema, "mimi nimekuja kushonewa. Watu wa kunililia niko nao wengi sana."

Alitaka titi. Yale ya dukani aliyokuwa ameonyeshwa Nairobi yalikuwa ya rangi ya waridi, akasema hajawahi kuona mtu wa rangi hiyo Kajiado nzima isipokuwa mtalii aliyeunguzwa na jua. Tena alilitaka haraka, kwa sababu alikuwa na kikao Bisil, na kikao chenyewe kilimhusu yeye.

Kwa miaka mingi alikuwa amezunguka, kutoka Ewuaso Kedong mpaka mpakani Namanga, akiwaambia wanawake kwamba shamba la familia haliuzwi kabla mke hajakubali. Wanaume wengi walimchukia kwa hilo, na wachache walimchukia kwa adabu. Sasa zamu ilikuwa imefika nyumbani kwake. Bwanake na ndugu zake walitaka kuuza shamba lao lililo nje kidogo ya Bisil. Yeye alikataa. Ndipo shemeji zake wakapata njia ya kumzunguka: walisema huyu mama ni mgonjwa wa saratani, hana siku nyingi, afadhali ardhi iuzwe imtibu. Ukiwasikiliza ungedhani ni huruma. Mnunuzi alikuwa rafiki wa shemeji mkubwa. Wazee walikuwa wameitwa wakae waamue.

"Wananizika kwa mdomo," aliniambia huku akifunga vifungo. "Nikienda pale nimelegea upande mmoja watasema, si mnaona? Nataka niingie nikiwa mzima pande zote mbili. Waniangalie wakose mahali pa kuanzia."

Nilianza na sponji. Sponji ilikuwa nyepesi mno. Akiinua mkono titi lilipanda hadi begani, na mwanamke mwenye titi begani hawezi kubishana na wazee. Nikajaribu vipande vya kitambaa, vikajikusanya mafundo mafundo. Ndipo nikakumbuka gunia la ndengu, zile choroko za kijani, ambalo mama alikuwa amenitumia kutoka nyumbani. Mkamba akikwama, ndengu haziko mbali. Nilishona mfuko wa mviringo wa kitambaa laini cha kahawia, nikazijaza, nikauingiza ndani ya sidiria. Zilikuwa na uzito unaofaa. Akitembea zilisogea, akikaa zilitulia. Akajiangalia kwenye kioo changu chenye ufa, akageuka huku na huku, akaniita "mwaitu", neno la Kikamba la kumwita mama kwa heshima, alilojifunza kwa ajili ya kunichokoza.

Sifa zikanipanda kichwani. Nikampa maagizo kwa sauti ya daktari: uoshe kwa maji ya uvuguvugu, usikamue, uanike kivulini. Na anayesema hayo ni binti wa mkulima. Nimeotesha ndengu kwenye bakuli tangu utotoni, na ukitaka ziote upesi, maagizo ni hayo hayo. Lakini mtu akishajiona bingwa hasikii hata mdomo wake mwenyewe.

Siku ya kikao ilikuwa katikati ya masika. Udongo wa Kitengela ulikuwa ukivua watu viatu, na nguo zilikaa kwenye kamba bila kukauka mpaka zinanuka. Mwalimu alikuwa ameliosha titi lake vizuri, kama nilivyomwagiza, na lilikuwa bado na unyevunyevu alipolivaa. Alinichukua niende naye. Nilijiambia amenichukua kwa ushujaa wangu. Yeye alisema, "Kuja na sindano na uzi, just in case." Akaniomba pia nibebe rula yangu ndefu ya mbao, ile ya kupimia vitambaa. Sikuuliza ya nini.

Walikaa kwenye kanisa la mabati karibu na soko la mifugo, kwa sababu mbingu zilikuwa nzito. Wazee mbele kwenye mabenchi, sisi wanawake nyuma karibu na mlango. Kimaasai changu kinaanzia kwenye "sopa" ya kusalimu na kuishia kwenye "ashe oleng" ya kushukuru, kwa hiyo mama mmoja mwenye shanga hadi kifuani aliketi nami akawa ananitafsiria kwa Kiswahili. Shemeji mkubwa alizungumza kwanza, amesimama na fimbo yake, kwa maana pale anayesema husimama na fimbo. Alisema kwa upole sana. Alitaja ugonjwa, akataja watoto, akataja Mungu. Bwanake Mwalimu alitazama viatu vyake muda wote.

Mwalimu alipoomba nafasi walimpa, lakini hakuna aliyempa fimbo. Akageuka, akaninyooshea mkono. Nikampelekea rula.

"Fimbo hamjanipa," mama yule alinitafsiria, "lakini sijasikia kwamba rula ni ya wanaume."

Wanawake wakacheka. Wazee wawili watatu nao wakakohoa ili wasicheke.

Basi akaanza. Sijui alisema nini mwanzoni, kwa sababu mkalimani wangu alinogewa akanisahau, na mimi nilikuwa nimeona kitu kingine. Kanisa lilikuwa na joto, watu wamebanana, na titi la kushoto lilikuwa limeanza kuwa kubwa kuliko la kulia. Nilidhani ni macho yangu. Nikafumba, nikafumbua. Limeongezeka. Ndengu zilikuwa zimeshiba maji na sasa zilikuwa zikitafuta nafasi. Nikamwashiria kwa mkono kifuani. Akadhani namwambia aseme kutoka moyoni, akapaza sauti. Nikamwashiria tena, kwa mikono yote miwili. Akapaza zaidi, akapiga rula sakafuni, na kwa pigo hilo mshono wangu, mshono ninaouapia mbele ya walimu wakuu wa shule, ukaachia.

Zilimwagika polepole kwanza, halafu zote. Zilipitia chini ya blauzi, zikadunda kwenye saruji, zikatawanyika mpaka kwenye viatu vya wazee. Na kila moja ilikuwa na kamkia keupe. Zilikuwa zimeota.

Niliomba ardhi ipasuke. Mwalimu aliinamisha kichwa akazitazama, blauzi yake sasa imelala upande mmoja, mbele ya watu wote aliotaka wakose mahali pa kuanzia. Nilimwona mdomo ukitetemeka nikajua analia, na kosa ni langu. Hakuwa akilia. Kicheko kilimtoka tumboni, kikamshika mpaka akajiegemeza kwenye rula.

Alipopata pumzi alisema, na safari hii nilitafsiriwa neno kwa neno: "Mmeitwa hapa kwa sababu mmeambiwa mimi nimeshakufa. Angalieni hapo chini. Hata titi langu la uongo linaota."

Mzee mmoja wa mbele, mkongwe kuliko wote, aliinama kwa shida akaokota moja. Akaigeuza kiganjani. Maisha yake yote alikuwa mtu wa ng'ombe.

"Hii ni nini?"

"Ni ndengu, mzee."

"Za Wakamba?"

Kanisa zima likageuka kunitazama. Mama niliyeketi naye, yule niliyemwona kama rafiki, alininyooshea kidole bila hata kuulizwa.

Mzee alinipima kwa macho, kisha akawarudia wenzake. Alisema yeye ameitwa kuamua juu ya mali ya mtu anayekufa, na hajaonyeshwa mtu anayekufa. Ameonyeshwa mtu anayeota. Shamba lingoje. Mama huyu apone, au afe. Kabla ya hapo lisiguswe. Wengine wakaitikia, na mvua ikaanza kupiga mabati hivi kwamba hakuna aliyeweza kubisha hata angetaka.

Nje, tukijikinga chini ya ukingo wa paa, niliomba msamaha mpaka akanizuia.

"Wachana na hiyo maneno. Umesikia vile wamesema? Wamenipatia kazi. Kazi yangu ni nisikufe."

Nilicheka naye. Halafu hofu ikanishika, kwa sababu ni kazi ambayo sijasikia mtu aliyewahi kuimaliza.

Aliifanya kwa miaka mingi kuliko daktari yeyote alivyotarajia. Kila masika alikwenda Bisil siku ya soko, akapita katikati ya mbuzi na madalali, polepole, ili aonekane. Wazee walimsalimu kwa mzaha, "Ndengu ziko aje?" naye akawajibu zimestawi. Mmoja baada ya mwingine, waliokuwa wakingojea kifo chake walikufa wao. Shemeji mkubwa alikwenda kwa presha. Mwalimu alihudhuria mazishi yake na kushika maua, na aliporudi akaniambia hajafurahi, ila amekaa kiti cha mbele.

Mimi mchango wangu katika harakati ulikuwa wa aina yake. Wanawake wa kikundi chake walikutana kibandani kwangu, na siku moja, moto umenishika, nilisimama nikatangaza kwamba mwanamke mzima haombi ruhusa kwa mtu. Simu ikalia. Ilikuwa bwanangu. Nikatoka nje kumwuliza kama naweza kuchelewa kidogo. Pazia si ukuta, walisikia yote, na kwa muda mrefu baada ya hapo Mwalimu alikuwa akinifungulia mikutano kwa kuuliza, "Fundi, umeruhusiwa?"

Jambo jingine nililolifanya kwa bidii lilikuwa kumzika mapema. Mara ya kwanza alipolazwa tena, nilikwenda moja kwa moja kununua kitambaa cheusi nikajishonea rinda la matanga. Alitoka hospitali akanikuta nikilijaribu mbele ya kioo. "Limekutoa vizuri," akasema. "Nani amekufa?" Rinda hilo nilikwenda nalo kwenye mazishi ya watu wengine mpaka likapauka makwapani. Nilikuwa mwoga. Kila alipokohoa mimi nilisikia koleo la wachimba kaburi, naye alikuwa akikohoa tu kwa vumbi la Kitengela kama sisi sote.

Ugonjwa uliporudi upande wa pili, akapoteza na la kulia, alikuja kibandani akakaa kwenye kiti cha wateja. "Angalau saa hii utashona pair," akasema, "zitatoshana." Nilishona. Na kila mara, kabla ya kujaza, nilizikaanga ndengu kwenye sufuria kavu mpaka zikabadilika rangi, kwa maana ndengu iliyokaangwa haioti. Yeye alisimama kando kama askari. "Kaanga, fundi, kaanga. Usinipandie shamba hapa." Bwanangu aliporudi nyumbani akasikia harufu nzuri akauliza tunakula nini. Nikamwambia, "Hiyo ni kifua cha Mwalimu." Hakuuliza tena habari za jikoni.

Kisha ukaingia kwenye mifupa. Nilimwona akipanda kizingiti changu kwa mguu mmoja kwanza, akipumzika, kisha wa pili. Nilimpenda mwanamke yule na sikuwahi kumwambia; nilimwambia tu kwamba sketi imemlegea, aniachie niipunguze.

Wakati huo aliniomba twende shambani. "Leta ile futi kamba yako," akasema. Bwanake alitupokea kwa chai. Mtu huyo, kwa kungojea mkewe afe, alikuwa amemzoea. Alikuwa sasa anamchungia mbuzi na kumwekea mto mgongoni. Tulitembea polepole mpaka katikati ya shamba, mahali ambapo njia ya kuingilia ingepita kama pangekatwa viwanja. Akaniambia nishike upande mmoja wa futi. Tukapima urefu, tukapima upana, nikaweka mawe kwenye pembe.

"Unajenga jiko?" nikamwuliza.

"Chumba changu."

Nikatazama yale mawe, nikakunja uso wa kifundi. Nikamwambia ni kidogo sana, kitanda hakitaingia, aongeze upana angalau apate mahali pa kuweka viatu. Nikasogeza jiwe moja mwenyewe. Mwalimu akacheka kile kicheko cha kanisani, kwa taabu, ameshika mbavu. "Sawa," akasema. "Ongeza kidogo. Siwezi kosa mahali ya viatu."

Nilifurahi kwamba ushauri wangu umekubaliwa.

Bintiye ndiye aliyenipigia simu. Nikafungua sanduku nikatoa rinda jeusi, na baada ya miaka yote ya kulitayarisha, lilinibana, halikupanda hata kiunoni. Nikaenda kumzika rafiki yangu nikiwa na rinda la buluu, kitambaa kilichobaki cha shule fulani. Mtu mmoja pale aliniuliza kama mimi ni wa kwaya.

Lakini kabla ya hapo tulikwenda mochari kumvisha, bintiye, mama yule wa shanga, na mimi. Nilikuwa nimeshona jozi mpya jana yake. Nilizipima ndengu, nikaweka sufuria jikoni, nikawasha moto. Nikasimama pale. Nilizisikia akili zangu zikisema, kaanga, fundi, kaanga. Nikazima moto. Nikazijaza mbichi.

Bintiye aliponipokea sidiria ili amvishe aliipima mkononi, akaniangalia. Tangu utotoni alikuwa amezishika zile zilizokaangwa, alijua sauti yake. "Hizi ziko tofauti," akasema. Nikamwambia ni za mavuno mapya. Akamvisha mamake, akafunga vifungo kimoja kimoja.

Shambani nilikuta kaburi limechimbwa mahali pale pale, katikati, kwenye mawe yangu. Wachimbaji walikuwa wakilalamika kwamba vipimo ni vipana kupita kawaida, wakiuliza ni nani aliyeyaweka yale mawe. Nilisimama nyuma ya watu. Hapo ndipo nilipoelewa. Kila dalali wa Kitengela anajua, na hata mimi najua kwa kuwasikia wakipiga kelele nje ya kibanda changu: shamba lenye kaburi halinunuliki, hasa kaburi likiwa njiani. Wazee walikuwa wamesema apone au afe. Naye hata kufa alikuwa amekufanyia mpango.

Nilikwenda tena masika yaliyofuata. Najua ndengu haziwezi kutoka chini kule. Nimelima, sihitaji kufundishwa. Hata hivyo niliinama juu ya lile kaburi pana nikaanza kupapasa nyasi kwa vidole, huku na huku, mpaka bwanake akanikuta.

"Umepoteza nini, fundi?"

"Sindano."

Alisimama kando yangu ameegemea fimbo. Aliniambia kwamba watu walikuwa wamekuja juzi kwa gari kubwa, wametumwa na mtoto wa ndugu yake, wanataka kununua. Nikanyanyuka. Nilimwuliza amewaambia nini.

"Nimewaambia waongee na mwenye shamba." Akaonyesha kwa kidevu pale nilipokuwa nimeinama. "Wamesimama hapo kidogo, wakaenda."

Kisha akalaza fimbo yake kwenye nyasi, akachutama kwa shida, akaanza kunisaidia kutafuta.